Duara Jekundu Kifuani kwa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima wa mke wangu. Naandika nikiwa kwenye intaneti kafe hapa Chikongola, jasho halijakauka, na sijui nitarudi nyumbani Rahaleo kwa uso gani. Wanaonifahamu humu jukwaani wanajua kazi yangu ni kupiga picha za eksirei kwenye hospitali moja ndogo (msiniulize ipi, nina watoto wa kulisha). Wanaonifahamu zaidi wanajua kuwa mimi ni mtu wa kujisikia kidogo. Leo kujisikia kumekwisha.

Tuanzie asubuhi. Mama mkwe amekuwa akikohoa tangu msimu wa korosho uishe. Kikohozi kikavu, cha kumkunja mtu mgongo. Dawa za duka amemeza, mizizi amechemsha, kombe la shehe, maji yaliyooshewa aya, amekunywa. Wapi. Marehemu baba mkwe alikufa kwa kifua, na kikohozi chake kilianza hivihivi, kwa hiyo nyumbani kwangu hakuna aliyekuwa analala vizuri. Mke wangu, Mama Zuhura, akashindwa kuvumilia. Akamtuma mjomba wake akamchukue mama kijijini, kule njia ya Msimbati, aje apigwe picha.

Sasa apigwe na nani? Mwenzangu wa kike tunayepokezana naye kazi kaenda msibani. Nimebaki mimi.

Ndugu zangu wa bara mnaosoma hapa, niwaeleze. Huku kwetu mkwe hatazamwi. Mimi na mama mkwe, tangu nimuoe binti yake, hatujawahi kukaa mkeka mmoja wala kula sahani moja, na tukikutana njiani mmoja anachepuka. Si chuki. Ni heshima, na ina raha yake. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mwanawe huku mimi nasikia: "Mwambie mumeo bati la jikoni linavuja." Nami najibu: "Mwambie mama nitakuja Jumamosi." Tumeishi hivyo miaka yote na hatujagombana hata mara moja (nyie mnaopiga stori na wakwe zenu kila siku, mnaweza kusema hivyo?).

Hapa lazima niwarudishe nyuma, maana leo nimezikumbuka enzi zile. Nilipoanza kazi miaka ya tisini hakukuwa na kompyuta. Kulikuwa na mashine moja nzito, bamba la kuwekea filamu, na chumba cha giza. Chumba kile nilikipenda, nisiwafiche. Unafunga mlango, unawasha kitaa chekundu, unazamisha filamu kwenye dawa, unasubiri. Mbavu zinaanza kujitokeza polepole, kisha moyo, kisha mabega. Uko peke yako na mifupa ya mtu, harufu ya dawa imejaa puani, na hakuna wa kukusemesha. Ukimaliza unaibana picha kwa kibanio, unaianika kwenye kamba nyuma ya jengo, chini ya mkorosho. Siku yenye upepo goti la huyu na nyonga ya yule vilikuwa vinapepea pale kama nguo za kufuliwa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi tulisubiri wote, mgonjwa kwenye benchi, mimi kizani, tunazungumza kupitia mlango. Habari nyingi za mji huu nilizipata hivyo. Nani kaposa, nani karudi kutoka ng'ambo ya Ruvuma na mke wa pili, nani shamba lake limeungua. Siku hizi mgonjwa anaingia na kutoka hata jina lake sijalishika.

Na watu walikuwa wanaithamini picha. Mtu ukimpa bahasha yake ya kaki alitoka nayo ameikumbatia, anapita nyumba hadi nyumba kuonyesha. Rahaleo kulikuwa na nyumba ambayo kioo cha dirisha kilivunjika, mwenyewe akaziba kwa picha ya kifua chake. Jua likiwaka, ulimwona mbavu kabla hujambishia hodi.

Mimi waliniita Bwana Picha. Waliamini naona ndani ya watu hata bila mashine. Wanawake wakipita karibu na dirisha langu walijitanda kanga ya pili. Nilipopeleka posa, mjomba huyuhuyu wa Mama Zuhura alikataa. Alisema mtu anayeona matumbo ya watu hawezi kuingizwa kwenye ukoo. Nilikuwa nimekaa nje, namsikia. Mama mkwe ndiye aliyenitetea. Alisema, "Anaona ndani ya watu na hajawahi kumsema mtu. Wa hivyo ndiye wa kumpa mtoto." Nimetembelea maneno hayo mpaka leo asubuhi.

Basi mwaka huu wafadhili wametuletea mashine mpya. Hakuna filamu, hakuna dawa, na chumba changu cha giza kimekuwa stoo ya mafagio na ndoo. Picha inatokea kwenye skrini hapo hapo. Tena ndani ya kompyuta kuna programu inayosoma picha ya kifua yenyewe. Fundi aliyekuja kuifunga alituambia imefundishwa kwa kuonyeshwa vifua vingi vya wagonjwa, na ikiona kinachotia shaka inakizungushia duara jekundu. Akasisitiza sana: "Hii ni ya kumsaidia daktari. Isiamue yenyewe." Mimi nikaitikia kwa kichwa, nawaza chakula cha mchana.

Turudi leo. Nilipoona hakuna jinsi, nikapata wazo nikaliona la kitaalamu kabisa. Nitapiga picha bila kumtazama mama, halafu mashine itamtazama kwa niaba yangu. Macho yatakuwa ya kompyuta, na kompyuta haijaoa kwao.

Mama Zuhura akamvisha mama gauni la hospitali nyuma ya pazia, akamsimamisha mbele ya bamba, akatoka koridoni kwa sababu ni mjamzito na mionzi haimfai. Kwa kawaida hapo ndipo mimi humsogeza mgonjwa: mabega mbele, kifua kigande kwenye bamba, kidevu juu. Leo nani amguse? Nilisimama nyuma ya ukuta wangu wa kujikinga nimeikodolea macho kalenda. Na yeye, kwa kuona haya, akawa amejipinda ili nisimwone hata shavu. Tulikuwa wawili chumba kimoja, kila mtu anaangalia ukuta wake.

"Mama Zuhura," nikaita, "mwambie mama avute pumzi aishike."

Sauti ikatoka koridoni: "Mama, Baba Zuhura anasema uvute pumzi uishike."

"Mwambie nimeshavuta," mama akasema. (Na kwa kusema, akawa ameitoa.)

"Mwambie avute tena, ila asijibu."

"Mama, vuta tena, usijibu."

"Haya, sijibu."

Tulikwenda hivyo mpaka nikabonyeza tu, liwalo na liwe.

Picha ikatokea. Nilikuwa nimekigeuza kiti upande, naitazama kwa pembe ya jicho kama mwizi. Programu ikafikiri kidogo. Halafu, chini upande wa kushoto, likajichora duara jekundu. Ndani yake kulikuwa na kidoa cheupe kama punje ya hindi.

Nilikumbuka picha ya baba mkwe, niliyoisafisha kwa mikono yangu kwenye chumba cha giza. Niliuona ugonjwa wake kabla ya mtu yeyote, na nililia mle gizani kabla ya kutoka kumwambia daktari. Yule mzee nilimpenda. Nikajiambia, sasa na mama naye. Zuhura atabaki bila bibi, na huyu aliye tumboni hatamjua kabisa.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angegeuza kiti, aitazame picha vizuri. Au angemngoja daktari, maana kusoma picha ni kazi ya daktari, yangu ni kupiga. Mimi nikatoka koridoni na uso wangu vile ulivyo.

Mama Zuhura akauona. "Kimeonekana?"

"Kuna kitu," nikasema.

Akateleza na ukuta mpaka chini. Mjomba akasimama. Huku kwetu kaka wa mama ndiye mwenye sauti, na huyu sauti anayo kwelikweli. "Kitu gani? Tukione." Akaingia, nyuma yake mama wadogo wawili waliokuja kumsindikiza mgonjwa, nyuma yao Mama Zuhura anafuta machozi. Mama mkwe alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia, anavaa.

Hapo ndipo kujisikia kukanipanda. Nikachukua kalamu. Nikakohoa kidogo kitaalamu.

"Mashine hii ni ya kisasa," nikasema, "ina akili yake, haikosei. Angalieni hapa." Nikaweka ncha ya kalamu katikati ya duara. "Kiduara hiki. Kingo zake zimekaa sawasawa. Kikiwahiwa kinaweza kukatwa."

Mama mdogo mmoja akaanza kulia kwa sauti. Mjomba akauliza, "Kikikatwa ataishi?"

"Wengi wanaishi," nikasema. (Wengi gani, sijui.)

Daktari akaingia na kikombe chake cha chai. Ni mtu wa bara, mgeni huku, mpole, mambo ya ukwe wetu hayajui.

"Kikatwe nini?"

Nikamwonyesha kwa kalamu. Akainama, akatazama, akapiga funda la chai.

"Huu si ugonjwa, bwana. Hiyo ni chuchu ya mama. Alisimama amejipinda, upande mmoja haukugusa bamba sawasawa, ndiyo maana inaonekana moja. Si wewe mwenyewe majuzi ulikuwa unamwonya mwenzako asije akaichanganya na uvimbe?"

Mama mdogo alikatisha kilio katikati. Kalamu yangu ilikuwa bado pale pale.

"Toa kalamu," mjomba akasema taratibu.

Niliitoa. Ningeweza kuimeza ningeimeza. Zamani kosa kama hili lingefia kwenye chumba cha giza. Ningeiona filamu mimi peke yangu, ningejicheka, ningeomba turudie, na hakuna ambaye angejua. Sasa skrini kubwa, taa zinawaka, na ukoo mzima umesimama mstari.

Na daktari hakuwa amemaliza. Akasema tuhakikishe kabisa. Akaitwa nesi, akaingia nyuma ya pazia, akambandikia mama kipande kidogo cha waya penyewe, kisha akamsimamisha tena mbele ya bamba kama inavyotakiwa. Watu wote wakatolewa nje, nikabonyeza nimefumba macho, wakarudi wote (nani angekosa?). Waya ukaonekana umekaa juu ya kile kidoa, haukukosea hata unywele. Mashine ikazungushia duara jekundu tena. Ina bidii.

"Mapafu yake masafi," daktari akasema. "Makohozi tutayapima kwa uhakika, lakini hapa sioni kitu. Mama anafanya kazi gani?"

"Anachoma korosho, anabangua," Mama Zuhura akasema. "Msimu mzima yuko kwenye moshi wa maganda."

"Basi akae mbali na huo moshi."

Mama Zuhura akanishika mkono, analia na kucheka kwa pamoja. Na mimi machozi yalinitoka, nasema wazi. Furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu, kwa dakika kama moja hivi. Kisha mjomba akakohoa.

"Umemweka mkweo kwenye kioo," akasema, "ukamwonyesha kwa kalamu mbele ya wadogo zake. Kwetu hilo lina faini. Jogoo."

"Mjomba, mimi nimefuata mashine. Kosa ni la mashine."

"Basi na mashine ilete jogoo wake."

"Mashine haina jogoo, mjomba."

"Utaiazima mmoja wa kwako."

Kwa hiyo nadaiwa majogoo wawili. Nilikuwa nataka kubisha, ndipo nyuma ya pazia kukaanza sauti. Tukadhani mama anakohoa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akakohoa mpaka kicheko kikamshika. Katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kukisikia kicheko chake, maana nikiingia mimi uani, yeye hunyamaza. Kinafanana na cha mke wangu.

Halafu akasema, "Baba Zuhura."

Hakusema "mwambie". Aliniita mimi mwenyewe. Nikageukia kalenda.

"Labeka, mama."

"Nimekaa huku nyuma naagana na dunia, kwa sababu yako. Siku nyingine unitazame, mwanangu. Kuona haya kusije kukaniua kabla ya kikohozi."

Basi ndugu zangu, leo nimepewa ruhusa ya kumtazama mkwe wangu, na leo hiyohiyo siwezi kumtazama mtu yeyote. Mkinikuta mjini salimieni tu, mcheke nikishakata kona.