Kiwanja Namba 418, Mwezini

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo nimekuwa mwenye ardhi. Ekari moja, mwezini! Cheti kimekuja kwa posta kutoka kwa kampuni iliyoniuzia, kina muhuri wa dhahabu na picha ya mashimo. Kiwanja namba 418, upande ule tunaouona. Upande wa nyuma niliukataa, mimi si mjinga.

Miaka kumi na tisa nimemwahidi mke wangu Kamlesh kiwanja. Miaka kumi na tisa nimekaa na mashine yangu ya taipu nje ya ofisi ya ardhi hapa mjini Bundi, nawaandikia watu hati za viwanja vyao, mimi mwenyewe nyumba ya kupanga. Kisha huyu Ratanlal, mwanyumba wangu, aliyemwoa Pushpa mdogo wa Kamlesh. Wiki tatu zilizopita alitualika kula kachori ili tu atangaze kwamba kamnunulia mkewe kiwanja kule barabara mpya. Cha kona! Neno kona alilitamka mara sita.

Basi leo, kumbukumbu ya ndoa yetu, nikamkabidhi Kamlesh cheti pamoja na chai. Akakisoma mbele na nyuma. Akauliza jirani wa mashariki ni nani. Nikakigeuzageuza cheti, hamna. Hati isiyotaja majirani wa pande nne si hati, hilo nawaambia wateja kila siku ya Mungu. Akaweka cheti chini taratibu. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba Naresh, kama hiki kiwanja si cha kweli, Karva Chauth ya mwaka huu sifungi."

Karva Chauth ni Ijumaa ijayo. Wake wote wa mtaa watashinda bila chakula wala tone la maji mpaka mwezi uchomoze, ili waume zao wawe na umri mrefu. Mke wangu asipofunga, mtaa mzima utajua. Na mimi nina presha.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kwa karani wa ardhi, bwana Chogalal, asubuhi na mapema. Nimemwomba aingize kiwanja 418 kwenye daftari. Akauliza kijiji gani. Nikasema mwezini. Akafungua daftari, akapitisha kidole orodha nzima ya vijiji, akasema Mwezini haimo wilaya hii, labda nijaribu wilaya jirani ya Kota. Sijui kama alikuwa ananitania. Uso wake ni ule ule hata mtu akimletea habari ya msiba.

Nikaenda kwa wakili Mathur, ambaye meza yake iko karibu na yangu na ambaye hunywa chai yangu bila kuulizwa. Akasema mataifa yaliwekeana mkataba zamani, mwaka 1967, na India imo: hakuna taifa linaloweza kuumiliki mwezi. Na kama mwezi hauna serikali, nani atakupa hati? Walioniuzia wameniuzia karatasi. Nikamwuliza basi mwezi ni wa nani. Wa wote, akasema, akavuta glasi yangu ya chai.

Nimerudi nyumbani kichwa chini. Mpaka pale penye duka la bangili, nikasimama ghafla, baiskeli nusura inigonge. Ardhi isiyo na mwenyewe! Nimeona watu wangapi wakijipatia ardhi ya namna hiyo? Unaweka mawe, unafunga ng'ombe, unakaa kimya miaka kumi na miwili, kisha unakwenda mahakamani kifua mbele. Mawe mwezini yako tele. Kinachokosekana ni tangazo gazetini tu. Mathur hana jicho la biashara.

Jumatano, 8 Oktoba

Limetoka! Ukurasa wa tano, kati ya nyati aliyepotea na dawa ya upara. "Umma unajulishwa kwamba Gopilal Sukhwal, mwandishi wa hati, anamiliki kiwanja namba 418, Mwezini. Mwenye pingamizi afike kwake ndani ya siku saba. Baada ya hapo hatasikilizwa." Lugha safi kabisa. Asipotokea mtu, ni changu.

Wametokea. Wa kwanza alikuwa kuhani wa hekalu, mzee Damodar, kabla hata sijapiga mswaki. Akanikumbusha kwamba watoto wote wa nchi hii humwita mwezi mjomba. "Gopilal," akasema, "umemnunua mjomba wa watu?" Nikajitetea kwamba ni ekari moja tu ya mjomba. Akaondoka akitikisa kichwa. Wa pili alikuwa muuza majani ya ng'ombe, hana pingamizi, anauliza kama kuna malisho.

Wa tatu alikuwa shemeji Pushpa na wanawake tisa nyuma yake. Akauliza kwa adabu nyingi mno: maadamu mwezi una mwenyewe, Ijumaa wataomba ruhusa ya kuutazama? Na hapa ulimi wangu ukaniponza. Nikajibu kwamba ruhusa ipo, bure, kwa mwaka huu. Kwa mwaka huu! Pushpa akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Jioni Ratanlal kapiga simu kuuliza kama changu nacho ni cha kona. Kamlesh hasemi nami. Ameniwekea mkate wa mtama na dengu, akaenda zake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku ndefu kuliko zote. 

Asubuhi Kamlesh alinipa chai. Yeye alikunywa? Sikuona. Nilijaribu kuchungulia kama mikono ina hina ya wanaofunga, akaificha ndani ya mtandio. Kumwuliza sikuthubutu, niliogopa jibu. Nikaenda kazini, nikakosea hati tatu.

Mwezi ulitakiwa kuchomoza saa mbili na robo. Wanawake wote walikuwa juu ya paa, sari nyekundu, trei za taa, machekeche ya kuutazamia mwezi mkononi. Mbingu? Wingu tupu. Mvua yote imekwisha tangu mwezi uliopita, halafu leo ndiyo wingu! Saa mbili na nusu Pushpa akaita kutoka paa la kwake, mtaa mzima usikie: "Shemeji, si ni wako huo? Utoe basi." Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka.

Saa tatu hakuna aliyecheka. Tangu alfajiri bila maji. Mke wa fundi cherehani alishikwa na kizunguzungu, akakalishwa kwenye ngazi. Wakaanza kushuka mmoja mmoja na taa zao, wakajaa mlangoni kwangu. Wananiangalia tu. Nikaanza kuwaeleza kwamba kiwanja changu ni ekari moja, sehemu iliyobaki siwezi kuisemea. Haikusaidia.

Kisha wakapisha njia, akaja Kamlesh. Sari yake ya harusi, hina mpaka viwiko, midomo imekauka ikapasuka. Alikuwa amefunga. Tangu kabla ya jua, mbele ya macho yangu, na kiwanja hakuna. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

"Waambie ukweli, Baba Naresh," akasema. "Nina kiu."

Nikapanda kwenye ngazi. Nikasema mwezi si wangu. Nikasema kuna mkataba wa mataifa, wakili Mathur anaujua, mwezi si wa serikali wala wa Gopilal, ni wa wote, na mimi niliuziwa karatasi. Nikakichana cheti vipande vipande mbele yao. Ratanlal alipiga makofi kutoka paa la kwake, peke yake.

Saa tatu na dakika ishirini wingu likaachana. Naapa. Kamlesh akautazama mwezi kupitia chekeche, kisha akanitazama mimi kupitia lile lile. Nikamnywesha maji kwa mkono wangu, nusu yakamwagikia sari. Hakulalamika. Akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula kachori nne. Nikasema sijala kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimelala kama mfalme. Mke mwema, umri mrefu, presha imeshuka.

Nilichochana kilikuwa nakala, bila shaka. Mwandishi wa hati hatoi cheti halisi hadharani. Kiko chini ya mashine ya taipu.

Lakini hicho si kitu tena. Nimewaza tangu alfajiri. Jana ni nani aliyeuzuia mtaa mzima kunywa maji kwa saa nzima? Si mwezi, maskini, wenyewe ulikuwa palepale. Ni wingu! Nimekwenda nyumbani kwa Mathur kumwuliza kama mkataba unataja mawingu. Akafikiri sana, akanywa chai ya kwake kwa mara ya kwanza, akasema hakumbuki mstari wowote. Hakuna mstari!

Nataipu tangu saa nne. Tangazo litatoka Jumatano, ukurasa wa tano. Safari hii hati iko kwa jina la Kamlesh, zawadi ya mwaka wetu wa ishirini, asijue kwanza. Na safari hii hawezi kuniuliza majirani ni nani, wote nimewaandika. Mashariki: wingu. Magharibi: wingu. Kaskazini: wingu. Kusini: wingu.