Mfasiri wa Mumiani

Ijumaa, 1 Agosti 1975. Masaki, Kisarawe.

Zena bado yuko kwa mama yake, mstari wa nyuma. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa na nyumba kupangwa kwa mistari, moshi wa jiko la mke wangu nauona asubuhi na jioni. Chakula sikioni. Aliondoka kwa sababu ya mpango wangu wa kufuga nyuki chumbani. Mpango ulikuwa mzuri. Nyuki ndio hawakuelewa.

Habari njema: kesho linakuja gari la sinema. Dereva wake, Ndugu Ponsiano, mafua yamemkausha sauti, hawezi kufasiri picha kwenye kipaza sauti. Anatafutwa mtu. Nikiwa mimi, Zena atanisikia, atanikumbuka, atarudi. Kikwazo ni Salehe, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Huyo anajua Kiingereza kweli. Nimemwendea katibu wa kijiji, nikamwambia kwa upole kwamba Kiingereza cha Salehe ni cha ubaoni, cha sinema ni kingine, na kwamba mimi nimewahi kufanya kazi kwenye sinema Dar. Ni kweli. Nilikuwa nafagia ukumbi watu wakishatoka.

Jumamosi, 2 Agosti

Kipaza sauti nimepewa mimi!

Kwanza picha ya vyoo vya shimo. Watu walisinzia. Kisha ikaja yenyewe. Mzungu mrefu, joho jeusi, mchana analala ndani ya sanduku, giza likiingia anatoka na meno mawili kunyonya watu shingoni. Hasimu wake ni bwana ambaye mwezi ukipevuka anaota manyoya mwili mzima. Wanapigana juu ya paa, wanavunja vioo, wanatupana ngazini. Sikuelewa neno hata moja. Nikasema wa kwanza ni mumiani, wa pili ni mtu-fisi. Watu wakapiga yowe. Hapo nikanogewa.

Akaonekana binti amelala hoi, na pembeni yake bwana wa koti jeupe ana chupa, mpira na sindano. Ilibidi niamue haraka. Nikasema huyo ni karani wa mumiani, anajaza chupa bosi wake akichoka kunyonya. Salehe akasimama katikati ya mwanga, kichwa chake kikaziba picha, akapiga kelele kwamba nimekosea, yule ni daktari, anampa binti damu yake mwenyewe ili apone. Nikaongeza sauti. Binti alipoinuka mzima, nikasema huyo ni pacha wake.

Mama mkwe, Bi Mwanaasha, alikuwa mkekani mbele kabisa. Alicheka hadi akashika mbavu. Katika nyumba ile ni yeye tu anayeamini mipango yangu. Zena alikaa naye. Hakucheka, lakini hakuondoka.

Jumapili, 3 Agosti

Kijiji kizima kinaniita Mumiani. Raha iliyoje!

Bi Mwanaasha kaniletea kisamvu cha nazi kwa mkono wake. Alifika anahema, akakaa kidogo kizingitini. Ameniambia nivumilie, yeye mwenyewe atamrudisha Zena. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nilidhani ni unga wa muhogo.

Jumanne, 5 Agosti

Bi Mwanaasha kaanguka kisimani. Kapelekwa hospitali ya wilaya kwa lori la kijiji, Zena akiwa naye. Homa ya siku nyingi imemla damu, na yeye alikuwa hasemi. Daktari ameagiza ndugu na majirani waje kumtolea damu.

Lori lilirudi kuchukua watu. Hakupanda mtu. Nimesimama pale nikiwasikia wanavyokataa: karani wa mumiani, chupa, mpira, bosi akichoka kunyonya. Neno kwa neno! Nakiri nilijisikia fahari kidogo. Kisha nikakumbuka aliyelala kule ni nani, fahari ikaniisha.

Mwishowe aliyepanda ni Salehe peke yake. Huyo naye hupenda kuonekana.

Alhamisi, 7 Agosti

Dereva wa lori kaleta habari. Damu ya Zena imekataa kulingana na ya mama yake. Ya Salehe imelingana, wamechukua chupa. Hata damu ya mtu yule inafaulu mtihani. Lakini haitoshi.

Zena kanitumia ujumbe kwake: niwaambie watu kwamba nilidanganya. Nimemjibu kwamba sikudanganya, nilifasiri. Hata hivyo nitawaambia. Kesho, watu wakitoka kuswali.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilianza vizuri. Nje ya msikiti nikasema yule wa koti jeupe ni mtu mwema. Nyuso zikapoa. Mzee Kitwana, kaka yake Bi Mwanaasha, alikuwa amevaa viatu vyake vya safari. Akaniuliza, kama ni mwema, ile damu ya chupani ilikwenda wapi.

Macho yote kwangu, kama siku ile ya sinema. Nikasema mumiani hospitalini huja mara mojamoja tu, na wiki hii hana zamu.

Nilitaka kuwatuliza. Mzee Kitwana akavua viatu, akavishika mkononi, akaenda zake shambani.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda mwenyewe, juu ya gari la mkaa. Zena alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, amekonda. Hakunisalimia, ila alisogea nikapata pa kukaa. Nilikaa pale nikaona dunia imerudi mahali pake.

Muuguzi, Dada Efrazia, akanitoboa kidole, akaenda, akarudi akisema yangu inalingana. Niingie. Nikaingia. Chupa. Mpira. Sindano. Vyote nilivyofasiri vilikuwa vinanisubiri mezani. Nikamwambia sijala tangu jana, nitatoa kesho asubuhi nikiwa na nguvu. Akasema mgonjwa anahitaji leo. Nikasema kesho alfajiri, bila kukosa. Zena alikuwa mlangoni. Alisikia yote.

Bi Mwanaasha alinitaka nimsimulie tena mumiani. Nikamsimulia, na pacha nikamtia. Alicheka bila sauti. Akaniuliza kama yule binti kweli alipona. Nikamwambia alipona kabisa, mama. Akawaza kidogo, akasema basi kumbe yule wa koti alimsaidia. Akanishika mkono, akasema Zena hasira zake si za kudumu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekunywa chai, nimekula muhogo wa kuchemsha, nimefika alfajiri kama nilivyoahidi. Mkono wa shati nimeukunja tayari hadi begani.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Nililia pale wodini, wagonjwa wakinitazama. Nilimpenda mama yule. Hakuna mwingine aliyekuwa akiniuliza mpango wangu unaofuata ni upi.

Jumatano, 13 Agosti

Leo matanga yameanuliwa. Siku zote za msiba nimechota maji na kupasua kuni. Hakuna aliyeniita Mumiani.

Mzee Kitwana analia kuliko wote. Amesema dada yake wamemmalizia kule kule, kwenye chupa zao, na watu wakaitikia. Zena akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu. Nilijua anangoja niseme kitu. Nikarudi kwenye kuni zangu. Msibani si mahali pa kubishana.

Jioni akaja nyumbani mwenyewe. Nikadhani amerudi. Alifuata bakuli la mama yake, lile la kisamvu. Nilikuwa sijaliosha. Nikamwomba anipe nafasi nilioshe. Alilichukua hivyo hivyo, akalifunika kwa upande wa kanga, akaondoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Ponsiano kapita leo. Gari linarudi wiki ijayo, na amesema safari hii mfasiri ni Salehe.

Nimekaa nikafikiri sana, na kosa nimeliona. Ilikuwa ile picha. Haikufaa. Ponsiano anayo nyingine, ya wafu wanaotoka makaburini na kurudi makwao. Zena hali, halali, anamlilia mama yake. Nikimfasiria vizuri jinsi wafu wanavyorudi, moyo wake utatulia. Akitulia, atarudi.

Kwa hiyo nimekwenda kwa katibu. Nimemwambia kwa upole kwamba Salehe ni mtu mzuri, ila tangu atolewe damu kule hospitali mimi namwona hayuko sawa, hasa mwezi ukipevuka.

Katibu amesogeza kiti nyuma kidogo. Ameniambia nije mapema, nijaribu kipaza sauti.