Trekta la Baba Mdogo na Kwaya ya Mama Neema

Wanangu wa humu kundini, leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. Tena mama mkwe ambaye bado hajawa mama mkwe, na kwa hali ilivyo sijui kama atakuja kuwa.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha trekta, katikati ya bonde, njia ya kwenda Titye kwa kina Neema. Trekta haliendi mbele wala nyuma. Mimi vilevile.

Mnajua Jumamosi ijayo wazee wangu wanakwenda kwa kina Neema kunitambulisha. Sasa mimi nikajiongeza (matatizo yangu yote huwa yanaanzia hapo). Nikasema kabla ya siku yenyewe niende nikamlimie mama yake lile shamba la mahindi. Mvua imeshakolea, majirani wamepanda, yeye bado anahangaika na jembe la mkono. Nikitokea na trekta, nikalima mpaka jioni, nikakataa hata soda, nani atanikataa mimi?

Baba mdogo akakubali kuniachia trekta lake. Ila kabla sijawasha akanishika bega.

"Elia, usipite bondeni. Zunguka barabara ya juu."

"Sawa, baba mdogo."

"Nimesema nini?"

"Nizunguke juu."

Nimefika njia panda asubuhi. Barabara ya juu inazunguka mlima mzima, inachosha hata kuitazama. Na ukiangalia bondeni, ng'ambo kule, unaona kabisa mabati ya nyumba ya kina Neema yanavyong'aa. Nikajiambia, wewe Elia, hii siyo pikipiki. Hili ni trekta! Limetengenezwa kwa ajili ya tope!

Nikashuka bondeni napiga mluzi.

Matairi ya mbele yakapita vizuri. Ya nyuma yakaona pazuri, yakabaki. Nikakanyaga mafuta. Yakazunguka. Nikaongeza. Yakanirushia tope mpaka ndani ya shati, na trekta likawa linakaa chini taratibu, kama bibi anayetafuta nafasi kwenye mkeka, mpaka tumbo lote likagusa tope.

Nimelifungua jembe la nyuma kupunguza uzito. Wapi! Nimekata matawi ya mikaratusi nikayasukumia chini ya matairi. Yakamezwa, hata jani halikuonekana tena. Nimeshuka nikasukuma. (Ndiyo, nimesukuma trekta. Peke yangu. Msiniulize nilikuwa nategemea nini.)

Akapita mzee mmoja anakokota baiskeli yenye mikungu ya ndizi, akanisalimu.

"Mwakeye! Umekwama?"

Kwa hasira nikamjibu, "Hapana mzee, nimeegesha."

Akalitazama trekta, akanitazama na mimi. "Basi umeegesha vizuri," akasema, akaendelea na safari yake.

Ikabaki mbinu ya gogo. Kwa msiojua: unachukua gogo, unalifunga kwa mnyororo kwenye matairi ya nyuma, upande wa mbele. Ukiingiza gea, matairi yanalivuta gogo chini, yanalipanda, trekta linainuka. Ila likishainuka tu lazima ukanyage klachi usimame, la sivyo gogo linazunguka na tairi na kuja kugonga madigadi, lile bati la juu ya tairi. Nimehangaika na lile gogo mpaka mikono imechubuka. Nikawasha. Trekta likainuka kidogo, likarudi palepale. Lilikuwa linataka kuvutwa kidogo tu kwa mbele. Kidogo tu!

Ndipo nikasikia watu wanaimba.

Kwaya. Akina mama wa kwaya nzima, wanakwenda kuimba harusini kwa mguu. Vitenge vya njano vimepigwa pasi, vilemba vyeupe pee, viatu wameshika mkononi visichafuke. Na aliyetangulia mbele, mwenyekiti wa kwaya, ni mama Neema.

Nilitaka kujificha chini ya trekta. Chini ya trekta hapakuwa na nafasi.

"Elia? Si wewe huyo?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini humo?"

"Nilikuwa nakuja kukulimia shamba, mama."

Akatazama trekta, akatazama lile tope. "Ukaona uanzie huku?"

Kwaya nzima ikacheka. Nikawaomba waende zao, watachafuka. Mama Neema akaweka viatu vyake kwenye majani. "Mkwe wangu akwame, mimi nipite? Haiwezekani. Leteni kamba."

Wanangu, aliniita mkwe! Mbele ya watu! Ilibaki kidogo nilie.

Nikatoa kamba chini ya kiti, tukaifunga kwa mbele, wakajipanga penye majani, pakavu, wakaanzisha wimbo wanavuta kwa mapigo. Mimi nikapanda, nikaingiza gea. Gogo likaingia chini. Trekta likaanza kuinuka. Wimbo ukapanda! Likainuka zaidi! Likaruka!

Hapo ndipo nilitakiwa kukanyaga klachi. Nikakanyaga. Mguu una tope, ukateleza. Katika kuhangaika kujishika, ule mwingine nikaushindilia kwenye mafuta.

Kamba ikalegea ghafla. Kwaya yote ikaenda chali kwa pamoja, wimbo ukakatikia katikati ya neno. Na trekta linawafuata.

"Mawe weee!" kila mmoja akamwita mama yake.

Sijawahi kuona akina mama wanatawanyika namna ile. Nikakata usukani kwa nguvu zote, trekta likawakwepa, likaingia kwenye dimbwi la pembeni na mwendo wake wote. Maji ya tope yakanyanyuka juu, yakatulia kidogo kama yanachagua, halafu yakaanguka. Juu ya nani? Msiniulize. Papo hapo gogo nalo likazunguka, paa! Madigadi ya baba mdogo imekunjwa kama chapati. Injini ikazima.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ila vile vitenge vya njano havikuwa vya njano tena.

Mama Neema akanyanyuka taratibu. Akafuta jicho moja, kisha la pili. Akanitazama nilipokaa.

"Elia. Kumbe kujitambulisha ni leo?"

Wakaokota viatu vyao wakaenda. Hakuna aliyeuliza trekta limekwama tena au vipi.

Neema amenipigia sasa hivi kutoka harusini. Anasema MC amewauliza akina mama kama wametoka kubatizwa. Wameimba hivyohivyo, na ati wameshangiliwa kuliko kwaya zote. (Hilo sijui kama linanisaidia.)

"Na mama amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema shamba tutalima wenyewe kwa mkono."

"Na Jumamosi?"

Nikasikia anajizuia kucheka. "Amesema mje. Ila mje kwa miguu."

Baba mdogo yuko njiani na ng'ombe wa jirani waje kunivuta. Swali lake kwenye simu lilikuwa moja tu: "Umepita wapi?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Sasa nisikilizeni. Kuna mtu huko harusini ana picha za kwaya, na najua zitafika humu. Atakayeziweka, au nikaona hata kile kikatuni cha kucheka machozi, namtoa kwenye kundi. Admin bado ni mimi, hata nikiwa kwenye tope.