Kopo la Siagi Lililoshindwa Kuwa Taka

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kufuatilia Safari za Plastiki.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: KUOMBA MJE MCHUKUE KOPO LENU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako, isipokuwa kompyuta yenu, ambayo nina hakika inaumwa.

Mimi ni mtunza stoo mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nilijua kila msumari umetoka lini, umechukuliwa na nani, na kama umerudi. Kwa hiyo mlipotangaza kwamba mtafuatilia plastiki nchi nzima, kuanzia inapotumika hadi inapotupwa na kuchakatwa upya, hakuna mtu mtaani aliyefurahi kama mimi. Nilimwambia mke wangu kwamba hatimaye serikali imepata akili. Maneno hayo naomba kuyarudisha.

Mwezi wa pili afisa wako, mama mmoja mpole ambaye hapa nyumbani tunamwita Bibi Takwimu, alituletea kopo jeupe la siagi lenye mfuniko wa kijani. Kwenye kitako mlikuwa mmebandika kidude cha kuonyesha kopo liko wapi, na alituhakikishia kwamba kinaonyesha hata chumba. Nyumba elfu moja zimepewa makopo kama hayo, alisema. Kuleni siagi, kopo mlifanyie kama kawaida yenu, sisi tutaona linakoishia. Tukalifanyia kama kawaida yetu, na ndipo yakazuka haya ninayokulalamikia.

1. Siagi iliisha baada ya siku tisa. Siku ya kumi Bibi Takwimu akapiga simu kuuliza kama kopo limeshatupwa. Mke wangu alidhani mwenzake amekosea namba. Akamuuliza, kopo zima, lenye mfuniko wake, litupwe kwa kosa gani? Mkurugenzi, mke wangu ana kabati la makopo ambalo mimi hulifunga kwa goti. Katika ndoa ya miaka thelathini na minane sijaona kopo likitoka humo kwenda jalalani. Nimeona yakienda kwa watu na kurudi.

2. Hilo la kurudi ndilo lililowashinda wataalamu wako. Mke wangu ana dada yake mkubwa, shemeji yangu, mjane, anakaa peke yake kichochoro cha pili. Hawasemeshani, huu mwaka wa sita. Waligombea cherehani ya marehemu mama yao, na cherehani yenyewe sasa ni kutu tupu. Sasa nyumba yetu ilichaguliwa kupewa kopo la serikali, ya shemeji haikuchaguliwa. Mke wangu hakuweza kuliacha jambo hilo lipite hivihivi. Akalijaza maharage, akaenda asubuhi na mapema, akaliweka kizingitini kwa dada yake, kidude kikionekana vizuri, akaondoka bila kubisha hodi.

Shemeji naye ni mtu aliyelelewa, hawezi kurudisha chombo cha mwenzake kikiwa kitupu. Kesho yake tukalikuta kizingitini kwetu lina mayai. Mke wangu akaona asizidiwe, likaenda na unga. Likaja na viazi. Likaenda na supu. Hadi leo limekwenda na kurudi mara hamsini na nane, na wenyewe hawajaambiana hata habari za asubuhi.

3. Bibi Takwimu alituonyesha ramani. Makopo ya wenzetu yamesafiri. Moja liko jalala kuu, jingine limezama mtoni, jingine limesagwa kiwandani na sasa ni mguu wa kiti. Letu ni mstari mfupi uliochorwa tena na tena mpaka umenenepa kama kamba ya kisima. Kompyuta yenu ilipoona chombo kilichotumika kinaingia kwetu na kutoka kikatumike tena, ikaamua kwamba nyumba yangu ni kiwanda cha kuchakata plastiki, cha pili kwa ubora nchini. Mwenye hicho cha kwanza simjui, lakini namhurumia.

4. Ndipo likaja lori. Dereva alikuwa na karatasi yenye muhuri wako, akamwaga mbele ya geti langu mabeseni, madumu na ndoo zisizo na mikono. Wakati mimi natafuta miwani nimwandikie barua ya kukataa mzigo, mke wangu alikuwa ameshachagua mabeseni kumi na sita ambayo alisema hayana tatizo lolote. Fundi viatu akachukua madumu. Mama wa mboga akachukua ndoo za kupandia miche. Kufikia saa kumi jioni palikuwa peupe. Kompyuta yenu ikaandika kwamba kiwanda kimemaliza tani nzima kwa nusu siku, na kesho yake yakaja malori mawili.

5. Wakaja wakubwa kukagua mashine. Niliwaonyesha mke wangu. Aliwaambia wavue viatu, ametoka kupiga deki.

6. Sasa mmeniandikia kwamba nyumba yangu inaharibu wastani wa taifa, na kopo litupwe ndani ya siku kumi na nne. Mimi ni mtu wa kutii, nililitupa. Mzoa taka akalirudisha kabla sijafika mlangoni, akisema mama amesahau chombo chake. Nikalitupa tena, mbali, nyuma ya soko. Fundi viatu akalitambua, akaliosha, akalileta, na kwa kuwa naye ni mtu wa heshima zake akalitia nyanya nne. Mke wangu alininunia siku tatu. Ndani ya mtaa huu hakuna mtu anayejua kutupa kopo hili, na mimi nimeshindwa kuwa wa kwanza.

7. La mwisho ndilo linaloniuma. Kabla ya kopo lenu nilikuwa na tumaini kwamba hawa ndugu wawili siku moja watachoka, watapatana. Sasa wachoke na nini? Kopo linawafanyia kila kitu. Likirudi, mke wangu analifungua akiwa amesimama, anatazama ndani, anasema peke yake kwamba huyu mpaka leo hajui kuchagua viazi. Kisha anaendelea na kazi zake akiwa na raha. Ofisi yako, Mkurugenzi, imewapa njia ya kununiana bila taabu. Wanaweza kufika kaburini hivyo, na ni wewe utakayeulizwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mje mlichukue kopo wenyewe, mkiwa na barua yenye muhuri ili mke wangu aelewe kwamba ni serikali na si mimi. Na mnifute kwenye orodha ya viwanda kabla ya malori ya wiki ijayo.

Msalimie sana Bibi Takwimu, dereva wa lori na msaidizi wake, na wale wakubwa waliovua viatu. Mmoja alisahau soksi moja, imeshafuliwa. Wasalimie na wa nyumbani kwako.

Ni mimi, nisiye na kiwanda,

Mtunza Stoo Mstaafu,
Nyumba yenye geti la bluu.

Tanbihi: Barua hii niliiandika wiki iliyopita, nikachelewa kuileta. Naomba usilichukue kopo. Wala huwezi kulichukua kwetu, maana halipo. Liliondoka Ijumaa na supu, na leo ni Alhamisi. Halijawahi kukaa huko zaidi ya siku mbili. Mke wangu amefungua mlango mara nne asubuhi hii, anasema anaingiza hewa, na kila mara anatazama kizingitini. Mimi pia nina hofu, siwezi kukuficha.

Malalamiko yote yafute, hasa la saba. Nakuomba kitu kimoja tu: mwambie Bibi Takwimu atazame kwenye ramani kopo liko chumba gani kwa shemeji. Kama liko jikoni, huo ni ukaidi wake, tutasubiri. Kama liko chumbani karibu na kitanda, basi anaumwa na hana wa kumpa maji. Nilitaka kuileta barua kwa mkono na kukaa kwenye benchi lenu hadi nijibiwe.

Lakini hapa ninapoandika mke wangu ameshavaa viatu. Hajachukua unga, hajachukua mayai, anatoka mikono mitupu kuelekea kichochoro cha pili, na mimi namfuata. Barua nampa fundi viatu awaletee. Jibu likipatikana, lileteni huko huko liliko kopo.