Panier Moja ya Maharagi

Leo asubuhi radio ilitangaza kwamba mtoto ambaye hajaanza shule anaweza kufundishwa nyumbani bila gharama. Umpe maharagi ya rangi mbalimbali yaliyochanganywa, ayatenganishe, basi atajua rangi na kuhesabu. Jambo dogo, la amani kabisa. Lakini sisi wa benchi la Marteau, hapa Katindo, hatujawahi kuacha jambo dogo libaki dogo.

Marteau, yaani nyundo, ni Byiringiro, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, na benchi letu ni mbao zilizokataliwa na wateja wake. Ndiye aliyeanza.

"Mutoto wa Goma ajifunze rangi wapi? Barabara nyeusi, mawe ya volkano nyeusi, kiwanja nyeusi. Jioni hata miguu yake iko nyeusi!"

"Samaki mukunje angali mubichi," akasema Directeur. Huyu ni muzee Murhula. Hajawahi kuongoza hata foleni ya maji, ila Kifaransa anacho, na anataka kila mtu ajue anacho. "Ile banaita éveil. Ubongo ya mutoto inaamuka."

"Yangu haijaamuka mpaka leo," nikasema.

"Ile tunaona, papa."

Kabla sijamjibu inavyostahili, tukamwona Fortunat anasukuma chukudu yenye magunia matatu. Juu ya magunia amelala binti yake Élodie, miaka minne. Fortunat tunamwita Réseau, yaani mtandao wa simu, kwa sababu kila habari inamfikia nusu.

"Bandugu, munisaidie. Nimekufa."

"Nani amekuua?"

"Radio!"

Akaeleza huku anajifuta jasho. Mke wake Emerance yuko safarini Kalengera tangu siku tatu. Nyumbani aliacha mbegu: gunia moja la maharagi ya njano, moja la meupe, moja la mekundu. Aliyachagua moja moja kwa wiki mbili, kwa ajili ya akina mama wa chama chake huko Munigi, ambao wanapanda kesho.

"Na weye ukafanya nini?" Marteau akauliza, ingawa uso wake ulishajua.

"Nikachanganya."

"Yote tatu?!"

"Radio ilisema panier moja, kikapu kizima! Miye sina panier. Nikasema, gunia na panier ni bandugu."

"Yewe! Na mutoto akatenganisha?"

"Saba."

"Gunia saba?"

"Maharagi saba. Kiisha akalala."

Marteau alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilicheka mpaka nikaona macho ya Réseau, nikaacha. Jamaa alikuwa karibu kulia kweli.

"Emerance amepiga simu, amepita Kibumba, iko karibu kufika," akasema. "Anasema kama mbegu iko na kasoro hata moja, miye mwenyewe nitaenda kuelezea bale bamama. Bako makumi ine. Na kila mumoja iko na jembe."

Hapo tulikaa chini bila kuitwa mara ya pili. Marteau alitandika bâche, turubai lake, tukamwaga magunia, ukawa mlima wa maharagi. Wanaume wanne wenye ndevu tukaanza darasa la mtoto wa miaka minne, na dakika tano hazijaisha tukagombana.

"Ile ni rouge, nyekundu," akasema Directeur.

"Ile ni marron, rangi ya udongo," nikasema.

"Marron haina gunia!" Réseau akalia. "Musiniongezee gunia!"

"Na hii yenye madoa?" Marteau akauliza.

"Hiyo unakula."

Kelele zikamwamsha Élodie. Akateremka kwenye chukudu, akatutazama, akaokota kipande cha ubao, akaanza kuzunguka nyuma yetu.

"Papa Directeur, ile ni nyekundu. Weka fasi yake."

"Ma fille, ku mambo ya couleurs kuko nuances, tofauti ndogo ndogo..."

"Weka fasi yake."

Akaiweka.

Tulipofika nusu ya mlima, radio ya Marteau ikarudia lile tangazo. Mara hii tulilisikia wote, wazi kabisa: chukua poignée moja ya maharagi. Poignée ni kile kinachoingia kwenye kiganja. Panier ni kikapu. Mikono yote ikasimama.

"Directeur," Réseau akasema polepole, "asubuhi nilikupigia simu. Nikakuuliza, balisema nini pale? Weye ukasema panier."

"Kulikuwa upepo."

"Mu simu?"

"Kifaransa, papa, iko na mikoa. Ku Bukavu..."

"Hapana kuingiza Bukavu!" akafoka Marteau.

Directeur alikuwa bado anatafuta mkoa mwingine wakati pikipiki iliposimama. Emerance akashuka, vumbi mpaka kwenye kope. Akatazama bâche, akatazama magunia yake matupu.

"Nani amechanganya mbegu yangu?"

Tulichunguza maharagi kwa bidii. Réseau peke yake aliinuka.

"Ni miye, Mama Élodie. Nilitaka urudie ukute mutoto anajua rangi."

Nakiri nilimwonea fahari. Emerance alichota konzi moja, akamnyooshea binti yake.

"Hii?"

"Njano."

"Hii?"

"Nyeupe. Na ile nyekundu, mama."

Mdomo wa Emerance ulitaka kucheka, akaukataza.

"Na hawa ba papa, banajua?"

"Papa Marteau anajua. Papa yangu anajua kidogo." Ubao ukamwelekea Directeur. "Huyu atarudilia mwaka."

Directeur akajipangusa suruali, akasema amekumbuka ana rendez-vous, kuna mtu anamngojea.

"Kaa," akasema Élodie. "Na mu darasa hapana kuongea." Akakaa.

Emerance akatuzunguka, akaketi katikati ya benchi letu, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Haya, ba papa," akasema. "Miye sikuwa hapa siku tatu. Kuko habari gani mu mji?"

Habari tulikuwa nazo tele. Lakini hakuna aliyefungua mdomo, maana mwalimu alikuwa amekataza kuongea darasani.