Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Kupima Mbegu za Kiume

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye ni mimi, waheshimiwa wakuu wa idara, wasaidizi wao na wasaidizi wa wasaidizi wao, wadau wa maendeleo, daktari wetu, viongozi wa dini zote, mabibi na mabwana, na nyinyi mliosimama juani kwa sababu viti ni vya waalikwa, itifaki imezingatiwa. Kabla sijasema lolote nitasema, "Mbegu," nanyi mtaitikia, "Zipo." Mbegu. (Zipo.) Wa nyuma sijawasikia. Mbegu. (Zipo.)

Ndugu wananchi, miaka mitano iliyopita, nilipokabidhiwa ukurugenzi huu kutokana na uchapakazi wangu unaofahamika hata kwa wasionipenda, niligundua pengo la kimkakati katika sekta ya ubaba, kwamba mwanamke asiposhika mimba anapimwa yeye, anapimwa tena, anapigwa picha, anameza vidonge, anasemwa na mawifi, huku mumewe amekaa pembeni anakunywa chai kama mtu anayesubiri gari lake litoke gereji, ndipo nikaunda kamati, kamati ikaunda jopo, jopo likaenda semina ya siku tisa, likarudi na ripoti ya kurasa mia mbili inayothibitisha kitaalamu kwamba hata mwanaume anaweza kuwa na tatizo. (Makofi, hasa ya akina mama.)

Tatizo lenyewe, kwa mujibu wa ukurasa wa kumi na saba, ni mwanaume kuwa mzima kabisa, anatimiza majukumu yake yote ya chumbani kwa ufanisi, lakini majimaji yake yakiwekwa kwenye darubini haionekani hata mbegu moja, na kwa hiyo serikali imedhamiria kurudisha nguvu za kiume kwa... (Daktari anamnong'oneza.) Daktari ananikumbusha kwamba si nguvu, ni mbegu, na kwamba nguvu zinaweza kuwepo tele na mbegu zisiwepo. Nilikuwa naelekea huko huko.

Sababu zake ni za kimfumo. Yupo anayetengeneza mbegu vizuri tu ila njia imeziba, pengine kwa maambukizi ya zamani aliyoyatibu nusunusu, au alipasuliwa ngiri utotoni mrija ukaguswa, na yupo ambaye njia iko wazi ila utengenezaji wenyewe umesimama, kwa upungufu wa homoni, kwa matumbwitumbwi ya ukubwani, kwa korodani zilizochelewa kushuka, au kwa hitilafu ya kuzaliwa nayo. Kumtambua si kazi ngumu: anakabidhi chupa yenye majimaji yake, na kipimo kinarudiwa siku nyingine maana kimoja hakitoshi, kisha anapimwa homoni kwenye damu na kukaguliwa na daktari. Na tiba ipo, aliyeziba huweza kuzibuliwa kwa upasuaji, mwenye upungufu wa homoni hupewa dawa, na wengine huchukuliwa mbegu kwa sindano kwenye korodani zikakutanishwa na yai maabara. Wapo pia ambao haitawezekana, nao wana haki ya kuambiwa. Hayo aliandika daktari, mimi nimeyaboresha.

Mafanikio yetu yanajieleza. Tangu nianzishe kampeni hii, wanaume waliobainika kuwa na tatizo hili katika eneo letu ni asilimia sifuri. (Daktari: "Hajapimwa hata mmoja, mkurugenzi.") Ndiyo maana takwimu yetu imebaki safi.

Niwape mfano hai. Fundi aliyechomelea geti hili mliloingilia alinifuata ofisini akanieleza siri yake, nami nikamwahidi siitoi, kwa hiyo jina silitaji, ni huyo wa mstari wa pili mwenye ovaroli ya bluu. (Watu wanageuka.) Simama, fundi, usione haya. Yuko mwaka wa nane wa ndoa, mkewe amepimwa hospitali nne na hana kasoro, yeye hajapimwa hata mara moja, ila alimwambia mama yake kwamba alishapimwa na yuko sawa, na hiyo ndiyo siri yenyewe. Mama, ambaye ndiye huyo kulia kwake, ameamua kwamba leo tukitoka hapa binti wa watu, huyo aliyekaa kushoto kwa fundi, arudishwe kwao, na begi lake mnaliona miguuni pa mama. Fundi akaniuliza, mkurugenzi, nikipata karatasi inayosema ukweli, mama atamwacha mke wangu? Nikamwambia, njoo na chupa siku ya uzinduzi. (Fundi: "Nimekuja nayo, iko kwapani isipoe. Daktari alisema ifike ndani ya saa moja, nawe umeongea saa nzima na ushee.") Vumilia, fundi, nimebakiza shukrani tu.

Naishukuru shule ya sekondari iliyotuazima darubini kwa ajili ya picha, na naona mwalimu anaifunga kwenye boksi lake. Namshukuru mwenye nyumba aliyeturuhusu kupaka rangi nyeupe stoo yake ya magodoro, anaomba yasiguswe, kwa hiyo utepe nitaukata ila mlango hautafunguliwa. Namshukuru mtaalamu wa maabara, ambaye nafasi yake tutaitangaza. (Fundi: "Sasa chupa hii nampa nani?") Kupokea chupa kuko awamu ya nne.

(Mama wa fundi anasimama. "Miaka minane, mwanangu?" Fundi: "Niliogopa, mama." Mama analiinua lile begi na kumkabidhi mwanawe. "Beba begi la mkeo, turudi nyumbani. Kesho unapimwa hospitali kuu, na mimi nitakuwa mlangoni." Anamgeukia mkwewe: "Nimekukosea sana, mwanangu." Mkwewe: "Tutaongea nyumbani, mama." Wanatoka getini wote watatu.)

Naam. Naona wananchi wameshaanza utekelezaji. Katibu, andika kwenye ripoti, wanufaika wa kwanza, watatu, wamehudumiwa siku hiyo hiyo ya uzinduzi. Mbegu. (Kimya.) Mbegu. (Dereva wa mkurugenzi: "Zipo.") Asanteni sana kwa kunisikiliza, na mnapotoka msiegemee ukuta, rangi haijakauka.