Mtoto Wangu Si Hamali

Jumapili, 16 Novemba 2025
Miezi yote hii namshusha Bella kwa mazoezi ya kikundi chake cha kushangilia, mlangoni pa ukumbi, Al Thumama hapa Doha, nakimbilia kazi. Nilidhani wanashangilia timu fulani. Leo lori limegoma, nikaingia ndani. Nikamuuliza Kocha Shiru wanamshangilia nani. Akasema hawamshangilii mtu. Hawamshangilii mtu! Wanashindana wao wenyewe, majaji wanatoa alama. Sawa. Hata kwaya hushindana.

Muziki ukalia. Olivia, binti ya Njenga, akainuliwa juu, anapunga mkono kama rais anashuka ndege. Na chini yake? Wasichana watatu, magoti yamekunjwa, wa katikati ni Bella wangu. Miaka kumi na tatu. Shingo imesimama mishipa. Sura ile naijua. Ni yangu nilipofika Doha, nikibebea wageni masanduku hotelini na hakuna aliyejua jina langu. Nimetoka huko kwa mgongo huu. Leo nina lori langu, nahamisha vyombo vya watu. Halafu mtoto wangu awe hamali wa mtoto wa Njenga?

Njenga ni mtu wa kompyuta. Hajabeba kitu kizito kuliko chaja. Alikuwa anarekodi kwa simu, akanipiga bega: "Boss, Bella ni msingi imara!" Msingi! Nani amewahi kupiga picha msingi?

Mashindano ni Ijumaa. Bella atapanda.

Jumatatu, 17 Novemba
Hesabu haidanganyi. Lakini nyumbani mizani tuliyo nayo ni ile ya ndoano, ya kupimia masanduku kabla ya kwenda likizo Kenya. Nikamfunga Bella mikanda ya kubebea friji, nikatundika ndoano kwenye chuma cha mlango, nikamwambia akunje miguu. Kilo arobaini na nne. Safi! Hapo hapo Mama Bella akaingia kutoka zamu hospitalini, akamkuta mtoto ananing'inia mlangoni kama mbuzi wa Krismasi. Yaliyofuata siyaandiki.

Jumanne, 18 Novemba
Nikamkabili Kocha Shiru. Olivia ni kilo arobaini na moja, babake alijitapa mwenyewe. Tofauti kilo tatu. Pakiti moja na nusu ya unga! Nikamuuliza kama pakiti moja na nusu ya unga inaweza kumnyima mtoto kupanda. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema si mambo ya kilo, Baba Bella. Wenzake humsikiliza Bella. Yeye akihesabu, wote wanainua. Sikuona hilo linahusiana vipi na kesi yangu. Akaniomba nikakae kwa benchi. Benchi lenyewe lina Njenga.

Jumatano, 19 Novemba
Basi nitamfundisha mwenyewe. Nikatandika magodoro mawili nyuma ya lori. Ya mteja, lakini hatajua. Nikamwomba Khalfan, kijana wangu wa Tanga, ashike upande wa pili. Akakataa. "Mzee, mimi nabeba makabati. Nikimwangusha binti yako utanirudisha Tanga nimefungwa kwa gundi ya maboksi."

Haya, peke yangu. Bella akapanda mabegani mwangu, nadhani ili nimwache apumzike. Mgongo ukalia ta! Yeye akaruka, akatua wima. Mimi nikawa naenda chini. Sikufika. Mikono ya Bella ilinidaka kwapani, nikalazwa polepole kwenye godoro kama kioo cha mteja. Kilo themanini na tatu! Khalfan akapiga makofi. Sikuona cha kupigia makofi.

Alhamisi, 20 Novemba
Friji ya milango miwili, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Mgongo wangu umefungwa mkanda, kazi yangu ni kunyoosha kidole. Bella ametoka shule, amekaa anatazama. Akauliza kwa nini Khalfan yuko chini kila siku na Kiptoo, ambaye ni mgeni kazini, yuko juu. Swali la kitoto. Nikamweleza: wa juu akikosea, friji inakwaruzika. Wa chini akikosea, friji inaua mtu. Chini unamweka yule unayemwamini kama mkono wako. Mpaka Khalfan aseme "Chini nimeshika!" hakuna anayesogea.

Bella akanitazama. Akasema haya. Nikauliza haya nini. Akasema haya tu, Baba.

Kwa gari akanipa sharti. Kesho nisipige kelele za "Bella juu". Akisikia sauti yangu mikono itasahau kazi yake, na Olivia atatua kwa shingo. Macho yalimjaa maji. Nikaahidi: sitapiga kelele hata moja.

Bango halina kelele.

Ijumaa, 21 Novemba
Tumekosa ibada kanisani Mesaimeer, maana huku Doha kanisa ni Ijumaa. Mungu anaelewa. Mama Bella hana hakika.

Shuka jeupe, BELLA JUU, herufi za nusu mita. Nikangoja Olivia asimame kileleni, nikalikunjua. Olivia akageuka kulisoma.

Goti likacheza. Akaenda kombo. Bella hakutazama bango, hakutazama watu. Hatua moja pembeni, akampokea kifuani. Olivia hakugusa sakafu. Halafu nikaisikia sauti ya mtoto wangu juu ya muziki: "Chini nimeshika!" Wenzake wakajipanga, wakamwinua Olivia tena.

Wakawa wa nne. Wamekatwa alama kwa kule kuanguka. Bila hizo wangekuwa wa pili, nimepiga hesabu mara tatu. Alama hizo ni zangu. Njenga alinikumbatia akilia, akasema Bella ameokoa shingo ya mtoto wake. Bango hakulitaja. Ingekuwa afadhali anitukane. Akanionyesha video: Olivia na dari, Olivia na dari. Bella ni vidole tu.

Tukarudi kwa gari. Tulipokaribia nyumbani, Al Wukair, nikamwambia, ingekuwa friji yangu mwenyewe, chini ningemweka yeye. Akaegemeza kichwa begani kwangu, upande wa mgongo mbovu. Sikusogea.

Jumamosi, 22 Novemba
Nimelichana bango, sasa ni vitambaa vya kufungia vioo. Mimi ni mtu mpya. Habari za juu nimeziacha.

Jioni Njenga akapiga simu, ana furaha. Olivia ameingiwa na hofu ya juu. Anataka ashuke, ajifunze kushika pale katikati kama Bella. Kocha Shiru amekubali kumjaribu. Bella atapumzishwa kidogo, pengine hata apande.

Apande! Pale chini ni pa Bella! Panataka mtu wa kuaminika, si mtoto wa kompyuta. Mtoto wangu arushwe hewani kama mto wa kochi, ati Olivia ndiye amdake?

Arobaini na moja haishiki arobaini na nne. Hesabu haidanganyi, ila Kocha anataka ushahidi. Kesho nimewaalika Njenga na Olivia chai. Mikanda ninayo. Mlango upo. Mama Bella ameificha wapi ile mizani?